Bunduki Iliyofukizwa kwa Majani

Mwanamke aliingia uani bila kubisha hodi, na hilo peke yake lilimfanya Karekezi aweke chini tupa yake. Watu wa Kiruruma hawakuwa na mazoea ya kuingia kwake. Walisimama barabarani, nje ya uzio wa minyaa, wakamsalimu kwa mbali, wakampitishia baiskeli au kufuli lililokwama, kisha wakasubiri hukohuko. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, lakini watu walikuwa bado wamechoka na bunduki, na uchovu huo waliuhamishia kwa mtu aliyekuwa na kibali cha polisi cha kuzitengeneza.

Mgeni alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunga shuka la rangi ya udongo. Mgongoni alibeba mkeka uliokunjwa kwa urefu. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali?"

"Kamuli, kule nyuma kwenye nyika. Nimelala misheni Ihembe. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mtu mkubwa," alisema, akimtazama toka kofia mpaka kandambili.

Karekezi alicheka, kisha akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikicheka uani pale. Tangu Anonciata, mkewe, afariki, sauti iliyozoeleka humo ilikuwa ya nyundo.

Mwanamke alikunjua mkeka juu ya benchi. Ndani yake kulikuwa na bunduki ya zamani, ya kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, na pembeni yake magazini, kile kisanduku cha chuma kinachobeba risasi na kuchomekwa chini ya bunduki. Alitoa pia leseni ya polisi, imefungwa kwenye nailoni. Ilikuwa na jina lake: Kobugabe.

"Magazini inaanguka," alisema. "Nikiichomeka inakaa. Nikipiga risasi, inaanguka."

Karekezi aliinua bunduki, na kabla hajaitazama akainusa. Ilinukia moshi wa majani na samli. Ilinukia kama ndani ya chombo cha maziwa.

"Nani anaitunza?"

"Mimi. Tangu Methodius, mume wangu, atuache."

"Unaitunzaje?"

Kobugabe alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jinsi ya kufagia. "Kama ninavyotunza ebyanzi vyangu. Nikishaosha vile vyombo vya maziwa, nachoma majani makavu, navifukiza mpaka moshi uingie ndani vizuri. Kisha nje napaka samli, mti usipasuke. Na bunduki hivyohivyo. Kila jioni."

"Kila jioni?"

"Methodius hakunifundisha kuitunza. Aliniambia tu niiheshimu. Mimi kitu cha heshima nakijua kinavyotunzwa."

Karekezi alichukua waya mwembamba, akaukunja ncha, akakwangua ndani ya tundu ambamo magazini huingia. Ukatoka ukoko mweusi, mgumu, unaong'aa kama lami. Akakwangua tena, ukatoka mwingine. Hakucheka. Alikuwa ameona bunduki zilizoachwa kwenye mvua, nyingine zilizotumiwa kuvunjia kuni, nyingine zilizofichwa kwenye choo. Hakuwahi kuona iliyopendwa hivi.

"Tazama, mwanangu. Samli na moshi vimegandamana humu. Magazini inaingia, lakini haifiki mwisho. Inabaki kidogo tu, kama unene wa ukucha. Huku nyuma kuna kishikizo kinachotakiwa kuibana. Hakiifikii."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni samli. Chuma si mti, hakinywi mafuta. Yanabaki juu." Aliigeuza magazini mwangani. Ukingo wa nyuma, ule ambao kishikizo hushika, ulikuwa umeliwa na tupa. "Na hapa je?"

Kobugabe aliinamisha macho. "Ilikuwa haiingii kabisa wakati fulani. Nikampelekea mhunzi wa kwetu, nikamwambia aipunguze."

"Akapunguza."

"Vibaya?"

"Alipunguza vizuri sana. Ila mahali pasipo na kosa."

Sasa alicheka yeye, kidogo, mkono mdomoni. Halafu akaketi juu ya gogo, na bila kuulizwa akaeleza.

Huko kwao familia zilizochunga pamoja zililinda mazizi kwa zamu, kwa sababu ya fisi, na mara mojamoja simba. Boma lenye bunduki lilijitegemea. Boma lisilo na bunduki lilihamishia ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine, na mwenye zizi ndiye aliyeamua maziwa yaende wapi na ndama yupi auzwe. Methodius alipofariki, mdogo wake, Protase, alisema bunduki na ng'ombe vije kwake. Kobugabe alikwenda polisi akaomba leseni kwa jina lake. Walishangaa, lakini walimpa, kwa sharti moja: aoneshe kwamba anaiweza. Siku ya kuonesha, mbele ya watu wote, alipiga risasi moja, na magazini ikaanguka miguuni pake, risasi zikatawanyika kwenye majani.

"Protase akasema, 'Shemeji, umezaa?' Wakacheka wote. Hata wanawake." Alitazama mikono yake. "Mkaguzi amesema atarudi Alhamisi hii. Ikianguka tena, bunduki anaichukua. Anampa Protase."

"Na wewe?"

"Nitakuwa nakamua ng'ombe wangu kwenye zizi la mtu, huku naomba maziwa."

Karekezi alivuta kasha la vifaa karibu.

Sheria haikuruhusu bunduki ilale mbali na mwenye leseni, kwa hiyo kazi ilipaswa kwisha kabla ya jioni, naye Kobugabe alibaki palepale juu ya gogo. Fundi alifungua magazini, akatoa springi na kile kibati kinachosukuma risasi juu, akaviweka kwenye kitambaa. Aliosha tundu kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa kilipotoka cheupe. Kisha akawasha makaa, akavuta mivukuto, na juu ya ule ukingo ulioliwa akayeyusha shaba kidogo, tone kwa tone, akiacha kila moja lishike kabla ya kuongeza jingine. Ilipopoa, ukingo ulikuwa mnene kupita kiasi, kama kovu.

"Sasa ndiyo kazi yenyewe," alisema. Aliwasha koroboi, akapitisha ukingo ule juu ya moshi wake mpaka ukawa mweusi wote.

"Kumbe wewe unaruhusiwa kufukiza," alisema Kobugabe.

"Mimi nafuta nikimaliza."

Aliichomeka magazini, akaichomoa. Mahali palipogusa, masizi yalikuwa yamefutika, shaba ikaonekana. Akapiga tupa hapo tu, mara mbili nyepesi, akafukiza tena, akachomeka tena. Aliendelea hivyo asubuhi yote, na Kobugabe akasogeza gogo karibu, kisha karibu zaidi, mpaka yeye ndiye aliyeshika koroboi.

Mchana jirani wa Karekezi, Eseri, mjane aliyeishi ng'ambo ya barabara, alisimama kwenye uzio na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba.

"Mzee Karekezi! Leo una mgeni?"

"Ninaye."

"Wa kike?"

"Wa kike, na bunduki yake."

"Waitu! Basi mimi niko hukuhuku." Akainyoosha sahani ya ndizi na maharage juu ya minyaa mpaka kwapa likaonekana. "Mpe ale. Mwambie aelekeze kile kitu kwingine."

Walikula pamoja. Karekezi alileta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo cha Anonciata, kikapu ambacho hakikuwa kimetolewa kwa muda mrefu, na Kobugabe akachukua punje kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

"Nikishaiosha hivi," aliuliza, "harufu itaisha?"

"Itaisha. Kuanzia sasa ni kitambaa kikavu, na mafuta ya cherehani, tone moja."

Kobugabe alitafuna. "Jioni ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuongea naye," alisema. "Naifukiza, namwambia ndama fulani anaumwa, fulani amezaa. Kitambaa kikavu hakichukui muda." Halafu akajifuta mdomo. "Basi, iishe."

Karekezi alitazama makaa. Yeye pia alikuwa anazungumza na mtu jioni, wakati wa kuosha sufuria moja na sahani moja, lakini hakujua namna ya kulisema hilo.

Jua lilipoanza kushuka, magazini iliingia na kutoa mlio mmoja mfupi, tak, ambao haukuwa umesikika mwanzo. Aliivuta. Haikutoka. Aliipiga kwa kiganja, akaitikisa, akaigonga kwa nyundo ya mti. Akampa Kobugabe risasi alizochonga mwenyewe kwa mti mgumu, akamfundisha kuzipanga, kuvuta komeo, kusukuma, kisha kubonyeza kishikizo na kuipokea magazini mkononi. Kobugabe alirudia mpaka vidole vyake vikaacha kutafuta.

"Risasi ya kweli siruhusiwi kupiga hapa," alisema Karekezi. "Mimi naiamini. Lakini itajaribiwa Alhamisi, mkononi mwako."

Alipokwisha kuifunga bunduki kwenye mkeka, Kobugabe hakuondoka. Alisimama karibu na benchi akipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Baba," alisema, na hakuwa amemwita hivyo kabla. "Siku ile, kabla sijapiga, nilitazama watu. Nilitafuta mtu mmoja anayetaka nifanikiwe. Nikapiga huku bado natafuta."

Karekezi aliweka chini nyundo ya mti.

"Sitaki uniambie kitu. Sitaki umwambie mkaguzi kitu. Nataka tu usimame mahali ninapoweza kukuona, usiondoke mpaka nimalize."

"Nitakuja," alisema.

"Ni mbali."

"Nina baiskeli. Nitakuja."

Kesho yake, katekista Gaspari alipita akiwa na ujumbe kutoka misheni, naye pia akautoa akiwa barabarani. Therese, binti pekee wa Karekezi, sista katika shirika lenye nyumba Burundi, alikuwa Bukoba. Hakupata ruhusa ya kuja kumzika mama yake. Sasa wakubwa wake walikuwa wanampeleka Kameruni, na gari la masista lingepita Kiruruma likielekea mpakani. Wangesimama kwake wapate chakula cha mchana.

"Lini?" aliuliza Karekezi, mkono tayari kwenye uzio.

"Alhamisi. Ila hawawezi kukaa, mzee. Mpaka unafungwa jioni."

Katekista alimtazama usoni, akasubiri furaha. Furaha ilikuja kweli, ikamjaa mpaka akashika kofia yake. Kisha akakumbuka kwamba Alhamisi hiyohiyo alikuwa amemwahidi Kobugabe.

Alikaa kwenye benchi siku nzima bila kugusa tupa. Hakukuwa na mtu wa kumtuma Kamuli. Na hata angekuwepo, angemwambia nini yule mwanamke, kwamba magazini ni imara, asihofu? Alikwisha kumwambia hilo, na bado aliomba mtu wa kusimama. Karekezi alikumbuka mazishi ya Anonciata. Watu walikuja, alikuwa hawezi kuwalaumu, walikuja na ndizi na wakachimba kaburi. Lakini walisimama upande wa pili wa shimo, na alipoinua macho hakuona mtu upande wake.

Halafu akaanza kupiga hesabu, kama mtu yeyote angefanya. Mkaguzi aliahidi kufika asubuhi mapema. Kulikuwa na lori la kahawa lililotoka Kamuli saa nne. Akipanda lile lori na baiskeli yake, angeweza kuwa nyumbani kabla masista hawajamaliza kula. Yote mawili yaliwezekana. Alijiambia hilo tena na tena mpaka akaliamini.

Jumatano kabla ya kuondoka alivuka barabara, akabisha kwa Eseri.

"Nikichelewa," alisema, "nakuomba uwepo uani kwangu. Binti yangu asikute nyumba tupu."

"Ndani? Mle mwenye zile bunduki?"

"Hakuna bunduki hata moja, mama. Kuna nyundo, na kuku."

Eseri alimtazama muda mrefu. "Anapenda nini?"

"Ndizi za kuchemsha na karanga. Mama yake ndivyo alivyopika."

"Nenda," alisema Eseri. "Na ukanyage hizo pedeli."

Aliendesha, akasukuma baiskeli vilimani, akaendesha tena, akalala kwa mtu aliyemfahamu kwenye mashamba ya Kamuli. Alfajiri alikuwa uwanjani. Nyasi zilikuwa bado na umande. Watu walifika wachache wachache, wachungaji na fimbo zao, wanawake na vibuyu, na Protase, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuchangamsha, akisalimia kila mmoja kama mwenye sherehe. Kobugabe alikuja mwisho, na mkeka wake. Alitazama umati taratibu, mpaka macho yake yakampata Karekezi chini ya mti wa mwiba, na baiskeli imemwegemea kiunoni. Hakupunga mkono. Aliketi.

Mkaguzi hakuja.

Jua lilipanda. Umande ulikauka. Protase alianza utani.

"Shemeji, hicho kisanduku umekifunga kwa kamba leo?"

"Njoo ukivute," alijibu Kobugabe.

Watu wakacheka, na safari hii hawakuwa wote upande mmoja.

Lori lilikuwa barabarani, chini ya uwanja, wapagazi wakimalizia magunia. Karekezi alilisikia likiwashwa. Utingo alipanda juu, akamwona, akapiga kelele: "Mzee wa baiskeli! Ulisema unakwenda Kiruruma! Tunaondoka!"

Watu waligeuka kumtazama. Kobugabe pia aligeuka. Alishusha macho kwenye mkeka uliokuwa mapajani mwake, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuondoka bila kuonwa.

Karekezi alishika usukani wa baiskeli. Alimwona Therese akishuka garini na shela yake nyeupe, akipinda shingo kutafuta uani, kama alivyofanya utotoni kila alipotoka shule. Alimwona vizuri kabisa. Alijua Kameruni ni mbali, na alijua umri wake mwenyewe.

"Nendeni!" aliita. Akaita tena. "Nendeni tu!"

Lori lilipiga honi, likaondoka. Vumbi lake lilisimama juu ya migomba, kisha likatua.

Mkaguzi alifika jua likiwa karibu na utosi, akilalamikia gurudumu. Hakutaka chai wala maneno. Aliamuru watu wasogee nyuma, akaweka debe kwenye kichuguu, akampa Kobugabe risasi tatu.

"Zote. Bila kusimama."

Kobugabe alizipanga kwenye magazini, akaichomeka. Tak. Alisimama, kitako begani. Kabla ya kuinamisha shavu, alitazama kando mara moja.

Karekezi alikuwa amevua kofia, ili uso uonekane.

Mlio wa kwanza uliwatawanya ndege. Alivuta komeo, akasukuma. Risasi ya pili ilirarua udongo kando ya debe. Hakuna aliyetazama debe. Wote walitazama chini ya bunduki, mahali pale ambapo chuma kilikaa kimya, kimebanwa. Alivuta, akasukuma, na risasi ya tatu ikalirusha debe nyuma ya kichuguu.

Mkaguzi alimwendea, akashika magazini, akaivuta kwa nguvu. Akaitikisa. Akaangalia pale ukingo wa shaba ulipobanwa, akapitisha kidole.

"Bunduki yako, mama," alisema. "Endelea nayo."

Protase alisema jambo kuhusu debe na bahati, lakini watu walikuwa wameanza kuzungumza, na hakuna aliyemsikia vizuri. Kobugabe alibonyeza kishikizo, akaipokea magazini mkononi, akafungua komeo, akatazama ndani kama alivyofundishwa. Alitoa kitambaa kikavu. Alianza kufuta, polepole, chuma chote, toka kitako mpaka mwisho wa mtutu, naye hakuharakishwa na mtu.

Watu walitawanyika. Mkaguzi aliondoka. Huko Kiruruma, saa hiyo, gari lilikuwa ama limekwisha kusimama au limekwisha kwenda.

Kobugabe alimaliza kufuta, akaikunja bunduki kwenye mkeka, ndipo akainua kichwa.

Karekezi alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi.